Jina la Baba Kwenye Mechi ya Nne

Siku hizi mtu akishinda anapewa pointi tatu. Sisi tulikuwa tunapewa mbili, na hizo mbili tulizitembeza barabarani kama mtu aliyenunua dume jipya. Nawaambia mapema ili asije mtu akanihesabia vibaya, maana humu ndani kuna hesabu kidogo, na mimi shule niliishia darasa la pili, nikaenda kuchunga.

Ulikuwa mwaka wa pili tangu watu wahamishwe mashambani waletwe vijijini. Mimi nilikuwa fundi baiskeli pale Kagongwa, kando ya barabara ya kwenda Isaka. Kibanda chenyewe miti minne na mabati mawili, na mbele yake gogo la mninga la wateja kukalia. Lakini wateja wa baiskeli walikuwa wachache. Watu walikalia lile gogo kwa ajili ya mpira. Pancha nilikuwa naziba robo saa, mwenye baiskeli anaondoka baada ya saa tatu, kwa sababu hajamaliza kueleza kwa nini beki wetu wa kushoto angefaa zaidi kupalilia pamba.

Timu yetu iliitwa Radi. Tulicheza ligi ya wilaya, jezi za njano alizozishona kipa wetu mwenyewe, Thobias, ambaye alikuwa fundi cherehani. Alizishona vizuri, ila zote kwa kipimo chake yeye, na Thobias alikuwa mrefu kama mlingoti. Winga wetu wa kulia jezi ilimfika magotini. Akikimbia unadhani ni mama anawahi kliniki.

Msimu ulianza vibaya. Mechi ya kwanza tulifungwa tatu kule Ushetu. Ya pili tukafungwa moja hapa hapa nyumbani, mbele ya wake zetu. Sababu ilikuwa Donatus, mfungaji wetu, hakuwepo. Alikwenda Geita kuchimba dhahabu kwenye yale mashimo ya zamani, alisema anarudi na gari. Akarudi na kikohozi na suruali ile ile. Sisi tulishukuru, Mungu anisamehe, tulishukuru kabisa kwamba hakupata kitu, maana angepata asingerudi. Mechi ya tatu akacheza, tukashinda. Pointi mbili.

Sasa kulikuwa na mtu anaitwa Akida. Akida alikuwa Mzaramo kwa asili. Babu yake alikuja huku enzi za misafara ya kubeba mizigo, akaoa Nyahanga, pale Kahama, akasahau njia ya kurudi pwani. Akida alizaliwa Nyahanga, ukubwani akahamia kwetu Kagongwa, akafungua hoteli ya chai mahali malori yanaposimama. Alihama mwili tu. Moyo aliuacha kwenye timu ya kwao, Umoja ya Nyahanga.

Na Mzaramo na Msukuma ni watani, hilo mnalijua. Mtani akikusema huna ruhusa ya kununa. Ukifiwa anakuja msibani kwako, analala njiani msipite na jeneza mpaka mmpe kitu, anabeba sufuria lako, na wewe unacheka huku machozi yanakutoka. Ukikasirika, watu wanakushangaa wewe, yeye hawamshangai.

Basi asubuhi moja Akida akaja kibandani na kikombe chake cha kahawa mkononi.

"Msukuma, umeamkaje?"

"Nimeamka salama, Mzaramo."

"Nyumbani hawajambo?"

"Hawajambo."

"Na Radi? Imeamka, au bado imelala hospitali?"

Pale kwenye gogo walikuwa watu sita, pamoja na Bartholomeo, katibu wa timu yetu, mtu aliyesoma mpaka la saba na aliyekuwa anatembea na daftari hata akienda chooni.

Nikamwambia, "Sisi tumepoteza mbili tumeshinda moja. Nyie mmeshinda moja mmepoteza mbili. Unachonicheka ni nini?"

"Sisi tumeanza na ushindi."

"Ndiyo, mmeanza kama mtu aliyepanda gari hapa, na safari akaimaliza kwa miguu. Sisi tunapanda, nyie mnashuka."

"Mnapanda kutoka shimoni," Akida akasema. "Huyo Donatus wenu nimemwona Jumapili. Anakimbia amejikunja, anadhani bado yuko ndani ya mgodi, ataigonga dari."

"Aliligonga goli."

"Kipa aliinama kufunga kamba ya kiatu."

"Kipa hakuwa na viatu."

Watu wakacheka, na mimi nikafurahi, nikadhani nimemaliza. Akida akanywa kahawa taratibu. Ndipo akauliza, kwa sauti ya upole kabisa, kama jirani mwema:

"Mama Paskazia anakaribia, eh?"

Nikamwambia mwezi haufiki. Mke wangu Melania alikuwa na mimba ya pili. Wa kwanza alikuwa binti, Paskazia, ndiyo maana na mimi waliniita Baba Paskazia.

"Akija wa kiume utamwita nani?"

"Makoye. Jina la baba yangu." Baba alikuwa amefariki kiangazi cha mwaka uliotangulia, na aliondoka bila kuacha mjukuu wa jina lake.

"Jina zuri," akasema Akida. "Lakini mimi ningekushauri umwite Zamoyoni. Ni sentafowadi wetu. Angalau na nyumbani kwako apatikane mtu mmoja anayejua kufunga."

Lile gogo liliyumba kwa kicheko. Hata Bartholomeo wetu alicheka, akajifanya anakohoa. Na mimi, badala ya kutafuta neno la kumrudishia, damu ikanipanda.

Nikasema, "Sikiliza, Mzaramo. Mechi ya nne ni sisi na nyie, kule kwenu Nyahanga. Mkitufunga, na mtoto akiwa wa kiume, njoo umpe jina wewe. Ulitakalo."

Akida akaweka kikombe chini.

"Mmesikia nyote?"

Wakasema wamesikia. Bartholomeo akafungua daftari, akaandika. Halafu akauliza, kwa kuwa ni mtu wa utaratibu, "Na Umoja wakifungwa, wao wanatoa nini?"

Kumbe kwa hasira nilisahau kudai chochote. Nikasema, "Wakifungwa, jina langu linabaki langu."

Bartholomeo akaniangalia juu ya miwani. "Yaani umeweka chako ili upate chako."

"Andika tu," nikamwambia.

Maneno ya kibandani yalikuwa yanafika kisimani kabla sijafunga milango, na kibanda chenyewe hakikuwa na mlango. Jioni narudi nyumbani, mama yangu, Kabula, amekaa anachambua choroko. Nikamwamkia shikamoo. Hakuitikia marahaba. Alichambua, akachambua, kisha akasema, "Umemweka baba yako kwenye mpira."

Nikaanza kumweleza kwamba ni utani, kwamba Donatus amerudi, kwamba Umoja beki yao ina tundu katikati. Mama akainuka na ungo wake akaingia ndani. Kuanzia siku hiyo akawa hasemi na mimi. Akitaka kuniambia kitu anamwambia Paskazia, na Paskazia alikuwa na miaka miwili, anafikisha nusu.

Na mama hakuwa na makosa. Kwetu jina la marehemu siyo jina tu. Ni namna ya yule mtu kukaa tena hapa nyumbani, aitwe asubuhi, atumwe, agombezwe. Mama alikuwa ameishi mwaka mzima katika nyumba ambayo hakuna anayeita Makoye. Na sasa mimi, kwa ajili ya kicheko cha watu sita kwenye gogo, nimelitoa kwa mwenye hoteli ya chai.

Nikaenda kwa Akida kulirudisha. Nilikwenda saa za mchana, nikijua wateja hakuna.

"Akida, ule utani wetu."

"Upi? Mimi na wewe tuna utani mwingi."

"Ule wa jina."

"Ah, ule ulikuwa utani?" Akafuta meza. Mkewe Zuwena alikuwa nyuma anakanda unga, akaacha kukanda asikilize. "Sikiliza, Baba Paskazia. Mimi si mtu mbaya. Nitakuachia. Kesho asubuhi watu wakikaa, wewe simama mbele ya gogo useme kwa sauti: Radi haiwezi kuifunga Umoja. Basi, tumemaliza."

Nikamwambia sawa. Kweli nilikubali, nikarudi nyumbani nimetulia. Asubuhi watu wakaja, Akida na kikombe chake, nikasimama, nikasafisha koo. Nikasema, "Radi." Halafu nikasema tena, "Radi." Wakanisubiri. Mnadhani nilisema? Mdomo ulikataa. Nikasema, "Radi itaifunga Umoja mbili bila," nikakaa, nikachukua gurudumu la mtu nikaanza kulinyoosha, na lilikuwa halijapinda.

Mtoto akazaliwa Jumanne. Wa kiume, mzima, ana kelele. Mechi ilikuwa Jumapili. Nilitaka kwenda Nyahanga, mama akamtuma Paskazia aje aniambie kwamba mwenye mtoto wa siku tano haendi mpirani. Paskazia alichofikisha ni "mpira hapana", nikaelewa.

Wengine wote walikwenda. Waliondoka na lori la tumbaku, wachezaji na mashabiki pamoja, na lori lilikuwa na kazi ya kupakia mzigo huko mjini, kwa hiyo kurudi ni Jumatatu. Nikaona nitakufa kwa kusubiri. Ndipo nikamkumbuka shemeji yangu.

Shemeji yangu Ngassa, kaka yake Melania, alikuwa amekuja kutoka ndani huko Ushetu kumwona mtoto, kaleta samli na maziwa ya mgando. Alikuwa na baiskeli mpya na miguu ya kuiendesha. Mfugaji, mkulima wa tumbaku, na zaidi ya yote mcheza ngoma. Alikuwa mtu wa Bagika. Nyie vijana hamjui, lakini sisi Wasukuma tuna vyama viwili vya ngoma, Bagika na Bagalu, na baada ya mavuno vinashindana, na Ngassa kwenye mashindano hayo alikuwa jina kubwa. Mpira alikuwa hajawahi kuuona.

Nikamwambia, "Shemeji, nenda Nyahanga kwa niaba yangu. Angalia nani kashinda, urudi unieleze leo leo."

Akaniuliza, "Ni timu mbili?"

"Mbili."

"Uwanja mmoja?"

"Mmoja."

"Zinacheza kwa wakati mmoja?"

"Kwa wakati mmoja."

"Basi naujua," akasema Ngassa, akapanda baiskeli.

Alirudi jua linazama. Nilimwona tangu mbali, anakanyaga polepole, kichwa chini. Hakuniangalia. Aliegemeza baiskeli, akamwamkia mama kwa Kisukuma, "Mwadila, mayu," yaani mama, akanawa uso, akaja akakaa kwenye kigoda.

"Shemeji, tumeshindwa."

"Mangapi?"

"Usiniulize hesabu. Ni aibu. Watu wote wametukimbia, shemeji. Wote. Yule mrefu wenu, Thobias, kabaki peke yake golini kama mtu anayelinda mtama. Mimi sikungoja mwisho, niliona nitachekwa."

Sasa mimi hapo ningeuliza nini? Mtu anakwambia timu imekimbia, kipa kabaki peke yake, unataka akuhesabie? Niliona kwa macho yangu: mabeki wamelala, Zamoyoni anaingia anatoka kama yuko sebuleni kwake. Mama alikuwa mlangoni, amesikia yote. Akaingia ndani akafunga mlango, polepole, na nasema kweli, afadhali angeubamiza.

Jumatatu asubuhi sikufungua kazi. Kijiji kizima kilishajua, maana Ngassa alipoulizwa njiani naye alikuwa hafichi. Saa tatu hivi nikasikia kilio barabarani. Kilio kabisa, cha msiba. Nikatoka. Ni Akida, amevaa kanzu, na Zuwena mkewe, amejifunga khanga kichwani, wanakuja wanalia huku watoto na wanawake wanawafuata wakicheka.

"Radi yetu," Zuwena analia, "Radi uliyenguruma bila mvua, umetuacha na nani?"

"Umekufa kijana," Akida anaitikia, "umekufa una mechi nne tu."

Akafika mlangoni kwangu akatandika mkeka, akajilaza njia nzima, akajifunika khanga ya mkewe. Mtu hatoki, mtu haingii. Kisha mkono ukatoka chini ya khanga, ukaikamata pampu yangu ya baiskeli, akaifunga kamba.

"Pampu hii imezuiliwa," akasema akiwa mle chini, "mpaka watani tulishwe. Tumetoka mbali, tuna njaa, na marehemu alikuwa ndugu yetu."

"Mmetoka hapo hotelini," nikamwambia.

"Uchungu ndio umetufanya tuone mbali."

Nifanye nini? Desturi ni desturi. Melania, mzazi wa siku sita, alikuwa anacheka ndani mpaka anashika tumbo. Akatolewa jogoo. Akida akainuka kidogo tu, akadai kisu, akachinja mwenyewe kwa kisomo, akarudi kulala. Ugali ukasongwa na shangazi zake Melania. Na alikula, yule bwana. Alikula kifua, akala paja, akaniuliza kama marehemu alikuwa anapenda firigisi, nikasema sijui, akaila kwa niaba yake. Ngassa alikaa pembeni amenuna, haelewi inakuwaje watu wanamcheka aliyeshindwa kwa ngoma ya haki.

Alipomaliza akanawa mikono, akakaa sawa, uso wake ukabadilika.

"Haya, Baba Paskazia. Kilichotuleta."

Nikaingia ndani. Mama alikuwa amempakata mtoto kitandani. Nikamwambia, "Mama, wamekuja." Akanitazama, mara ya kwanza tangu siku ile, na heri asingenitazama. Akainuka na mtoto, akatoka yeye mwenyewe, akampa Akida mikononi, akabaki amesimama pale amefunga mikono kifuani, anaangalia mbali, upande wa kisima.

Akida akamfunua mtoto uso. Mtoto akapiga miayo.

"Nilikuwa nimemwandalia majina mengi," Akida akasema. "Zamoyoni. Na Umoja, hili nalo nililifikiria. Zuwena alitaka tumwite Maandazi, ili baba yake akimwita akumbuke kuja kunywa chai."

Wengine wakacheka kidogo. Mimi nilikuwa naangalia vidole vya miguu yangu.

"Lakini nimemwangalia. Huyu ni Makoye," akasema. "Aitwe Makoye, kama babu yake. Mayu, mpokee."

Mama hakusogea. Nadhani alifikiri ni mzaha mwingine unakuja nyuma. Mimi machozi yalinitoka, sioni aibu kusema, nikapiga goti pale pale kwenye mkeka. "Akida, ndugu yangu, Mungu akulipe. Umeshinda na bado umenirudishia."

"Usinishukuru," Akida akasema. "Sijakupa kitu."

Nikadhani ni unyenyekevu. Nikaendelea kumshukuru, nikamtajia mpaka babu yake wa misafara, wakati huo honi ikaanza kulia huko barabarani. Lori la tumbaku. Na juu yake watu wanaimba, jezi za njano zinapeperushwa, na zile jezi zilivyo ndefu mtu angesema ni bendera za sherehe. Nikajiuliza, hawa watu wamefungwa wakaacha lango, wanaimba nini?

Bartholomeo akaruka kabla lori halijasimama, daftari kwapani.

"Baba Paskazia. Mbili moja. Donatus zote mbili."

"Mbili moja nani?"

"Sisi. Nani mwingine? Kipindi cha pili tumewabana hawajatoka kwao hata mara moja. Thobias hakugusa mpira, muulize mwenyewe, alipewa muwa na watoto akautafuna wote."

Watu wote tukageuka kumtazama Ngassa.

Ngassa akasimama. Hakuwa na wasiwasi hata kidogo. "Mimi nimesema nilichokiona. Mlipoanza, watu walisimama pande zote sawa. Kipindi cha pili wakahama. Mmoja mmoja, halafu makundi, wote wakaenda kusimama kule lilipo goli la Umoja. Kwa Thobias hakubaki hata mbwa. Sasa niambieni ninyi, nani kashinda?"

"Walikwenda kule kwa sababu ndiko tulikokuwa tunafunga," Bartholomeo akasema. "Mtu anakwenda kusimama mahali goli litakapoingia."

"Mahali penye watu ndipo penye ushindi," Ngassa akamjibu. "Sisi Bagika tukicheza na Bagalu, kila timu ina upande wake, watazamaji wanakwenda kwa anayewapendeza. Jua likizama, mwenye watu wengi ndiye kashinda. Hakuna anayeingiza kitu mahali. Mimi nimeshinda misimu sita kwa sheria hiyo."

Bartholomeo alifungua daftari, akaangalia ndani, akalifunga. Na nikwambieni, kwa namna alivyoeleza, hata mimi nilianza kuona kwamba Umoja walionewa.

Ndipo nikamkumbuka Akida. Alikuwa bado amempakata mtoto, anachokonoa meno kwa kijiti.

"Mzaramo. Wewe ulijua."

"Nilijua nini?"

"Kwamba tumewafunga."

"Tangu saa moja asubuhi," akasema. "Dereva wa lori la chumvi alikunywa chai kwangu. Alikuwa uwanjani. Sikuweza hata kumaliza kahawa yangu."

"Na jogoo wangu?"

"Jogoo ni wa msiba. Mimi nimekaa kwangu, nimefungwa mbili moja, nina huzuni yangu, nasikia kijiji kizima kinasema Radi imekufa. Sasa mimi Mzaramo nisije kuzika? Ungenielewaje?"

"Mngetuambia ukweli."

"Mlikuwa mnalia vizuri," akasema Zuwena. "Tuliona haya kuwakatisha."

Watu walicheka mpaka dereva wa lori akashuka kuuliza kuna nini. Mimi nilikuwa natafuta kukasirika, na sikuona pa kushika. Nikamwuliza tu, kwa sauti ya chini, tukiwa karibu, "Na kama ungesema Zamoyoni? Mimi ningekubali. Hapa hapa ningekubali."

Akida akamtazama mtoto. "Kuku wa mtani naiba, Baba Paskazia. Sufuria naiba, na ile pampu hujaikomboa, usidhani nimesahau. Lakini baba yako alikuwa ananiita mtani tangu niko Nyahanga, nachunga mbuzi wa mjomba. Jina lake nikaliibe, halafu nikalale wapi?"

Mama alikuwa amesikia. Alikuwa hatua mbili kutoka pale, bado amefunga mikono. Akaifungua. Akaja, akamchukua mtoto kutoka kwa Akida, akamnyanyua juu usawa wa macho yake, katikati ya ule umati wote, mashabiki wa njano, wanawake wa kisimani, Ngassa na sheria zake.

"Makoye," akamwita.

Mtoto akamtazama na yale macho ya watoto wachanga yasiyojua yaangalie wapi.

"Mume wangu," mama akasema. "Uliondoka bila kuaga. Sasa umerudi huna hata jino moja, na nywele zenyewe za kuazima. Hivi ndivyo mtu anavyorudi kwa mkewe?"

Wanawake wakapiga vigelegele. Melania alikuwa ametoka mlangoni, ameegemea mwimo, anacheka na kujifuta. Thobias akavua ile jezi yake ndefu akamfunika nayo mtoto, ikamfunika na bibi yake mpaka kiunoni, na mama hakuitupa. Alizunguka nayo uani, anamwonyesha mumewe nyumba: hapa jiko, hapa zizi, yule pale ni mjukuu wako Paskazia, huyu aliyeshiba jogoo wetu ni Mzaramo wako.

Alipofika kwangu akasimama.

"Na huyu ni mwanao," akamwambia. Kisha akaniambia mimi, siyo kupitia kwa Paskazia, mimi mwenyewe: "Unakodoa nini? Baba yako anataka maji ya kuoga. Ya vuguvugu."

Nikachukua ndoo nikaenda kisimani. Mtu mzima, fundi, nimeshinda mbili moja ugenini, napishana na wanawake njiani wananiuliza kama na leo nitaiweka ndoo kwenye mpira.